Boksi la zawadi la majani makavu: nilivyotengeneza 24 na nikajikuta nimefanya kazi ya bure

Kuna watu wengi huwa wananiuliza inbox kuhusu yale maboksi yangu ya karatasi yenye majani mekundu na machungwa juu ya kifuniko. Leo naandika yote, pamoja na hela iliyonipotea, maana video zinaonyesha boksi likiwa limeshakamilika tu na muziki juu.

Mimi nauza hereni na bangili za shanga mtandaoni. Mwaka ule dada mmoja mteja wangu, anaishi Minnesota kule Marekani, alikuja likizo akachukua bangili 24. Akasema, "Mdogo wangu, nataka uniwekee kwenye maboksi mazuri ya vuli, nitawagawia watu kazini siku ya Shukrani." Mimi nikasema sawa dada. Nikaenda nyumbani nikachora mawingu, matone ya mvua na mwavuli. Si ndiyo vuli? Mvua za vuli, Oktoba mpaka Disemba, viatu vinajaa tope. Nikamtumia picha kwa mbwembwe.

Alicheka. Kumbe wao huko vuli ni ile miezi ya Septemba mpaka Novemba kabla ya baridi kali, majani ya miti yanageuka njano, machungwa, mekundu, halafu yanapukutika yote. Na hiyo sikukuu ya Shukrani huwa ni Alhamisi ya nne ya Novemba, kwa hiyo mapambo yao yote wakati huo ni majani makavu, maboga, rangi za kahawia. Toka siku hiyo mteja akinitajia pambo lolote namwambia nitumie picha kwanza. Neno moja, watu wawili, vitu viwili tofauti kabisa.

Nikaingia mtandaoni, nikaona jani lao maarufu, lile la kwenye bendera ya Kanada, lenye ncha ncha. Nikakata kwa mkasi, nikabandika kwenye vifuniko kumi, nikatuma picha. Jibu likaja: "Mdogo wangu, hili si jani la bangi?"

Nikaangalia tena. Jamani, lilikuwa bangi. Lile jani ukikosea kidogo upana wa zile ncha, ukazifanya nyembamba, umeshaharibu. Na huyu mtu anapita nayo airport! Nikabandua yote kumi, karatasi ya juu ya vifuniko ikachanika, nikaanza upya.

Kilichoniokoa ni mkungu ulio nje kwetu. Hapa Dar mikungu ipo mingi mitaani, watoto wanaokota kungu. Majani yake kabla ya kuanguka yanageuka njano, machungwa, mpaka wekundu wa damu ya mzee. Ni jambo lile lile la kule kwao: ile rangi ya kijani ya jani inapungua, zinabaki na kutokea rangi nyingine. Na umbo lake ni rahisi, jembamba kwenye kikonyo, pana kuelekea mwisho, halina ncha za kukutesa. Nikaokota matano, nikayalaza kwenye kava la daftari, nikachora umbo kwa udogo wa sentimita 5, nikakata. Hicho ndicho kiolezo changu mpaka leo. Dada alipoona akasema kule watu wataona vuli, na yeye ataona kwao.

Sasa boksi lenyewe. Anza na bidhaa, usianze na boksi. Pima bidhaa yako ikiwa imeshafungwa kwenye tishu. Yangu ilihitaji nafasi ya ndani ya sentimita 12 kwa 12, kimo 6. Hesabu ni hii: upana, jumlisha kimo mara mbili. 12 na 6 na 6 ni 24, kwa hiyo unakata mraba wa 24 kwa 24. Pima sentimita 6 kutoka kila ukingo, chora mistari minne, katikati utabaki mraba wa 12. Kisha kwenye pande mbili zinazotazamana kata mipasuo miwili miwili, kutoka ukingoni mpaka mstari unapokutana na mwenzake. Vile vipande vya kona ndiyo masikio, unayakunjia ndani na kuyabandika.

Kifuniko kinatakiwa kiwe kikubwa kidogo. Mimi naongeza milimita 4, yaani 12.4, na kimo cha 3, kwa hiyo mraba wa 18.4. Ukikata kifuniko saizi sawa na boksi hakitaingia, ukilazimisha kona zinapasuka. Ukiongeza sana kinacheza kama kofia ya mtu mzima kwa mtoto.

Manila chukua nzito. Gramu 180 ni nyepesi, boksi likiwekewa kitu juu linabonyea. Mimi natumia 250, 300 ikipatikana. Dukani ikunje kidogo bila kuivunja, upande huu halafu upande ule. Utaona upande mmoja unakubali kirahisi, huo ndio mwelekeo wa karatasi. Mikunjo inayofuata mwelekeo huo inatoka safi, ile mingine lazima uitengenezee njia vizuri la sivyo inapasuka nyuzi nyuzi.

Kutengeneza njia maana yake ni hivi. Chukua peni iliyoisha wino, weka rula kwenye mstari, pitisha mara mbili kwa kukandamiza, bila kukata. Halafu ndiyo ukunje. Hapa ndipo boksi la dukani na boksi la nyumbani vinapotofautiana, na peni iliyoisha wino haiuzwi.

Karatasi kubwa ya A1 ni sentimita 59.4 kwa 84.1. Ukipanga vizuri inatoa maboksi ya chini 6, au vifuniko 12. Kwa hiyo karatasi 3 zinatoa seti 12 kamili, na karatasi 6 ndiyo seti zangu 24. Mwanzoni nilikuwa nakata boksi na kifuniko chake pamoja, nikimaliza moja naanza lingine, nikawa nabakiza vipande vya ajabu visivyofaa kitu. Vile vipande virefu vinavyobaki pembeni usitupe, navitumia kwa kadi ndogo za "asante".

Majani. Nilinunua karatasi za rangi nne: nyekundu iliyoiva, machungwa, njano ya haradali, na kahawia. Kunja karatasi mpaka iwe mara nne, kata majani manne kwa mkupuo, zaidi ya hapo mkasi unateleza na la chini linatoka tofauti. Kila jani pitishia ile peni katikati kwa nyuma kisha likunje kidogo, litanyanyuka lionekane hai. Pembeni napaka penseli ya nyusi ya kahawia, nasugua kwa kidole. Msinicheke, inafanya kazi.

Usimwage majani kifuniko kizima. Matano kona moja, ya rangi iliyokolea chini, ya rangi nyepesi juu, yakipandana. Gundi weka kwenye mstari wa katikati tu, ncha ziache huru. Na hakikisha hakuna jani linalovuka mkunjo wa kifuniko, maana kila kikifunguliwa litabanduka.

Kuna watu watasema si ubandike majani ya mkungu yenyewe. Nimejaribu. Niliyapiga pasi kati ya magazeti, yakapendeza kweli, nikabandika, nikaweka maboksi kwenye mfuko wa nailoni ili yasishike vumbi. Siku ya tatu nikakuta ukungu mweupe, yalikuwa hayajakauka ndani. Kama ni mteja wa hapa hapa, yakandamize kwenye kitabu kizito wiki nzima au zaidi, na usifungie kwenye nailoni. Kama mzigo unakwenda Marekani, sahau. Abiria anayeingia kule anatakiwa kutangaza mimea na sehemu za mimea alizobeba, na hutaki zawadi za mteja wako zifunguliwe moja moja mezani. Karatasi tu.

Yale 24 hayakusafiri yakiwa yamesimama, yangemaliza begi. Nilikata, nikatengeneza njia za mikunjo, nikabandika majani kwenye vifuniko, halafu kwenye masikio nikaweka selotepu ya pande mbili bila kubandua ngozi yake. Yote yakalala bapa, nikaweka karatasi laini katikati ya vifuniko majani yasilalie mwenzake. Nikamrekodia video ya dakika moja ya kuyasimamisha. Kama una wateja wa mikoani wanaopokea kwa basi, njia ni hiyo hiyo.

Haya, hela. Hii ndiyo sehemu nilitaka mfike. Manila 6 kwa 1,500 ni 9,000. Karatasi za rangi 8 kwa 500, 4,000. Selotepu 3,000, gundi 2,000, utepe 1,500, nauli 1,500. Jumla 21,000. Dada nilimwambia 1,500 kwa boksi, akalipa 36,000 papo hapo bila kuomba punguzo. Ile peke yake ingenishtua, mteja asiyeomba punguzo! Nikaona faida 15,000, nikafurahi.

Halafu nikakaa nikahesabu muda. Boksi moja lilinichukua dakika 35: 12 za boksi, 23 za mapambo. Mara 24 ni masaa 14. Ongeza masaa kama 4 ya ile kazi ya bangi na karatasi za 2,000 nilizoharibu. Ikabaki 13,000 kwa masaa 18, yaani kama 720 kwa saa. Mgongo unauma, na oda tatu za bangili nilizichelewesha wiki ile, mmoja akadai hela yake nikarudisha.

Siku hizi saa yangu naihesabu 3,000. Dakika 35 ni 1,750, vifaa 900, jumla 2,650, naongeza asilimia kumi ya kuharibika, inakuja 2,900 na kidogo. Nauza 3,000, na sipokei chini ya maboksi sita. Lile jeupe lisilo na pambo nauza 1,200. Mteja akisema 3,000 ni nyingi namwonyesha jeupe, na wengi wanachukua jeupe na utepe, wote tunalala salama. Halafu sikai tena na boksi moja mpaka liishe. Nakata yote, siku nyingine nakunja yote, siku nyingine majani, usiku nikiwa nasikiliza redio. Oda ya mwisho ya 12 dakika zilishuka mpaka 26 kwa boksi, bei sikushusha.

Dada alirudi mwaka uliofuata, akataka 40. Nikamwambia 3,000. Akaniuliza mbona mwaka jana ilikuwa 1,500. Nikamwambia ukweli, kwamba mwaka jana nilikuwa sijahesabu. Akakaa kimya siku mbili, nikawa naangalia simu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Siku ya tatu akatuma hela ya 30, na ujumbe: kumi niwawekee kwenye jeupe.