Wakati Kicheko Kinamushinda Muchezaji

Ndugu musomaji, fikiri kwanza picha hii. Mutu mumoja anaingia kwa munganga wa meno. Jino linamuuma sana, hata kuongea ni taabu. Munganga ni kijana mwenye ametoka juzi tu ku masomo, na huyu njo mugonjwa wake wa kwanza. Mikono inamutetemeka. Anakamata sindano yenye dawa ya kuzimisha maumivu, lakini badala ya kuchoma mugonjwa, anajichoma yeye mwenyewe katika mukono. Basi mukono unakufa. Unaninginia kama samaki aliyetolewa katika maji. Anajaribu kuendelea na kazi, na kisha kidogo anajichoma tena, mara hii katika muguu. Muguu nao unakufa. Sasa anazunguka kile kiti cha mugonjwa na kuvuta muguu nyuma yake kama mufuko wa makala, huku anafanya uso wa mutu mwenye kujua kazi yake.

Ule muchezo ulionyeshwa ku televisheni ya Marekani katika mwaka wa 1969, katika programu ya mama mumoja anayeitwa Carol Burnett. Munganga alikuwa Tim Conway, na mugonjwa alikuwa Harvey Korman. Wote wawili wamekwisha kufa: Korman katika mwaka wa 2008, Conway katika mwaka wa 2019. Mutoto wangu wa pili njo alinionyesha ile picha ku telefone yake, na nakuambia, kama wewe unapata nafasi ya kuiona, usiangalie Conway. Angalia Korman pale katika kiti. Kazi yake ni kuogopa na kulia juu ya jino. Lakini mabega yake yanatikisika. Anageuza uso. Anaweka mukono juu ya kinywa ili watu wafikiri ni jino linauma, na hakuna mutu hata mumoja anadanganyika. Conway alisimulia mara nyingi kwamba siku ile Korman alicheka mupaka akajikojolea. Mutu muzima, na suti!

Pengine utauliza: sababu gani hawakusimamisha kamera na kuanza upya? Hapa kuko jambo lenye linafaa kujulikana. Ile programu ilianza katika mwaka wa 1967 na ilimalizika katika mwaka wa 1978. Kila Ijumaa, ile yenye sisi tunaita siku ya tano, walicheza muchezo muzima mara mbili mbele ya watu waliokaa katika studio, na kamera zilichukua picha mara zote mbili. Mara ya kwanza Conway alicheza sawasawa na maandishi, neno kwa neno, kama mwanafunzi mwema. Kama mukubwa wa kamera alikuwa amepata picha zake zote, basi mara ya pili Conway alijisikia huru, na alileta mambo yenye hakuna mutu alikuwa ameyasikia wakati wa mazoezi. Korman hakujua ni nini kinakuja. Alijua tu kwamba kitu fulani kitakuja.

Na Carol Burnett, mwenye programu, hakupenda kusimamisha. Alitaka watu wenye kuwa nyumbani waone kama vile watu wa studio waliona. Kwa hiyo kicheko kilibaki. Katika mwaka wa 1977, Conway alianza kusimulia habari ya ndovu wawili wa sirkusi waliozaliwa wakishikamana kwa mukonga. Habari haikuwa na maana yoyote. Ilikuwa inaendelea tu. Mama Burnett alificha uso, na Dick Van Dyke, mwenye alikaa karibu naye, alicheka kabisa. Mutu mumoja tu alijikaza: Vicki Lawrence, mwenye alicheza bibi kizee. Alingojea Conway amalize, na kisha alisema neno moja tu lenye siwezi kuandika katika gazeti la jamaa. Ile siku ni Conway mwenyewe alishindwa.

Mimi si mutu wa teatre, lakini nimefikiri sana juu ya kile kicheko. Ni kicheko cha mahali penye hairuhusiwi kucheka. Ninyi wote munakijua. Kinakamata watoto wakati wa maombi, kinakamata waimbaji wa koro, na (nisamehe) mara moja kilinikamata mimi katika maziko, kwa sababu ya kofia ya mutu fulani. Kadiri unakizuia, njo vile kinapata nguvu. Wachezaji wana njia zao za kukipiganisha: wengine wanauma shavu kwa ndani, wengine wanafikiri jambo la huzuni, wengine wanageukia ukuta na kuacha mugongo ucheke peke yake. Lakini kama mwenzako anakuangalia katika macho, na anajua kama unajizuia, basi umekwisha.

Sasa nataka tutoke kwa mama Burnett na kwenda mahali pengine, kwa sababu si kila kosa la muchezaji linafanana na lingine. Pale kwa Burnett watu walikaa mbele yao, waliona kosa na macho yao, na wachezaji walijua kwamba wanaonekana. Lakini programu nyingi zinachezwa bila mutu wa kuangalia. Mulango unafungwa, taa zinawaka, na kama mutu anakosea neno, wanarudilia. Anakosea tena, wanarudilia tena. Vile vipande vya makosa vinakatwa, na wewe nyumbani huvioni hata kimoja.

Mufano ni Star Trek, ile programu ya Marekani ya chombo chenye kusafiri kati ya nyota. Ilionyeshwa kutoka mwaka wa 1966 mupaka mwaka wa 1969. Katika kile chombo kuko milango yenye kujifungua yenyewe kama mutu anakaribia, pshhh, bila kuigusa. Vijana wa wakati ule walishangaa sana. Lakini ile milango haikuwa na mashini hata kidogo. Nyuma ya ukuta kulikuwa mufanyakazi mwenye kuivuta kwa mikono yake. Kama alichelewa kidogo tu, kapiteni mukubwa wa nyota alikuja na kifua mbele, akagonga mulango na pua.

Wafanyakazi walikusanya vile vipande vya makosa na kuviunganisha kuwa filimu fupi, ili wavionyeshane wakati wa feti yao wenyewe. Ilikuwa mambo ya nyumbani. Ni sawa na ninyi munakaa magaribi na kuchekeana namna kaka alianguka na baiskeli. Lakini katika miaka ya 1970, kisha programu kumalizika, Gene Roddenberry, mwenye aliianzisha, alianza kubeba ile filimu na kuionyesha katika mikutano mbele ya watu wengi. Walicheka sana, walipiga mikono.

Leonard Nimoy hakucheka. Yeye alicheza Spock, mutu mwenye masikio ya kuchongoka, mwenye hana kicheko wala kilio, na kazi yake yote ilisimama juu ya ule uso wenye kutulia. Na sasa watu walimuona Spock akishindwa na kicheko. Nimoy alimwandikia Roddenberry kumwambia kwamba jambo lile halimupendezi. Mawazo yake, kwa maneno yangu mimi, yalikuwa hivi: muchezaji anahitaji mahali pa kukosea. Kama anajua kwamba kosa lake la leo litaonyeshwa kesho kwa watu wenye hawajui, ataogopa, na mutu mwenye kuogopa hawezi kujaribu kitu kipya.

Wakati nilisoma ile habari mara ya kwanza, nilifikiri Nimoy ni mutu wa kiburi. Leo sisemi tena vile, na nitakuambia sababu mbele kidogo.

Watu wengi walipata feza katika makosa ya wengine. Kutoka miaka ya 1950, Mumarekani mumoja, Kermit Schafer, aliuza sahani za muziki zenye makosa ya watangazaji wa radio. Kisha watu waligundua kwamba makosa mengine yalichezwa upya na wachezaji, juu ya kukosa sauti ya kwanza. Kosa la uongo! Katika Uingereza, kutoka mwaka wa 1977, Denis Norden alionyesha makosa ya namna ile ku televisheni, akisimama na kibao cha karatasi katika mukono, mupaka mwaka wa 2006. Wafaransa nao wana jina lake kabisa, bêtisier, na wengi kwetu tunaliangalia mwisho wa mwaka.

Lakini mwenye alilipa sana katika mambo haya hakuwa hata muchezaji. Alikuwa ndugu yetu wa ngambo ingine ya muto, muzaliwa wa Brazzaville, Guy Goma. Tarehe 8 Mei 2006 alifika katika nyumba ya BBC kule London kutafuta kazi ya mambo ya ordinatere. Alikaa, alingoja. Mufanyakazi mumoja alikuja mbio, akauliza kama yeye ni Guy. Alijibu ndiyo, maana ni jina lake. Walimupeleka, walimupaka poda ku uso, walimukalisha mbele ya kamera, na mama mutangazaji alimwita mufundi wa mambo ya intaneti, mwenye atatueleza kesi ya kompanyi mbili zenye jina la Apple. Yule mufundi wa kweli, Guy Kewney, alikuwa angali anakaa mahali pa wageni, na pale akaona ku televisheni mutu mwingine anaitwa kwa jina lake.

Uso wa Goma wakati anasikia lile jina, dunia yote imeuona. Kinywa kinafunguka, macho yanatoka. Lakini angalia chenye kinafuata. Hakukimbia. Hakusema, "Mumekosea." Alipanga uso wake na akajibu maulizo yote mupaka mwisho, kwa heshima, kama mutu mwenye kufikiri kwamba pengine njo vile wanatafuta wafanyakazi hapa. Kile kikao kilionyeshwa miaka na miaka. Ile kazi yenye alikuja kutafuta hakuipata. Katika mwaka wa 2023 alisema waziwazi kwamba atadai haki yake kwa BBC, kwa sababu ile picha inatembea dunia nzima na yeye hakulipwa. Wengine walicheka tena juu ya ile. Mimi sikucheka.

Kwetu hapa Katanga teatre ilikuwa na desturi ingine. Wazee wenye kusoma gazeti hili wanakumbuka Troupe Mufwankolo ya Lubumbashi, ku radio na ku televisheni. Wale hawakuwa na maandishi. Walipatana juu ya njia ya habari, na maneno yalikuja pale pale, katika Kiswahili chetu cha kila siku. Katika mwaka wa 1986, wakati jimbo liliitwa Shaba, mwalimu mumoja wa mambo ya watu, Johannes Fabian, aliwafuata kutoka mazoezi mupaka wakati walicheza katika kijiji cha Kawama mbele ya kamera, na aliandika kitabu kilichotoka katika mwaka wa 1990. Mahali penye hakuna maandishi, neno la kukosea halikai muda murefu. Mwenzako analikamata, analijibu, na linakuwa sehemu ya habari.

Basi, sababu yenye nilikuahidi. Miaka michache imepita, vijana wa mutaa wetu walicheza Noeli. Herode alikuwa kijana wa miaka 16, mutoto wa mufanyakazi wa shimo. Alikuwa na taji ya karato yenye kupakwa rangi ya zahabu. Aliposimama kuita askari kwa sauti ya kutisha, taji iliteremuka mupaka ku macho. Kicheko kilimukamata. Alijaribu kuendelea, alisahau maneno, alicheka tena, na kisha alikimbia inje. Sisi wote tulicheka, na mimi wa kwanza. Lile halikuwa jambo baya.

Lakini kuko mutu alichukua ile picha na telefone. Nusu ya dakika tu. Asubuhi ilikuwa katika WhatsApp ya kambi nzima, na mutu amekwisha kutia muziki juu yake. Nilipoipata, niliituma kwa ndugu wawili katika muji mwingine. Sikufikiri kitu. Ku soko walianza kumwita Herode. Ku masomo vilevile. Aliacha koro, na kwa muda hata masomo alikuwa anayakwepa. Mama yake njo alinifikia. Nilipokwenda kwao, kijana hakunikasirikia. Aliangalia chini tu na akaniuliza:

"Pasta, hata ninyi muliituma?"

Nilimujibu ndiyo.

Mwaka uliofuata tulimwomba achunge muchezo pamoja na wenzake. Alikubali na sharti moja: telefone zote zibaki ku mulango. Tuliweka kitunga kikubwa, na yangu iliingia ya kwanza. Mama mumoja alikasirika, alitaka picha ya mutoto wake mwenye kucheza malaika, na mupaka leo ananisalimia kwa nusu mudomo. Kijana hakutaka tena kuwa Herode, alicheza muchungaji wa kondoo. Katikati ya muchezo kondoo wake, mutoto wa miaka mine mwenye kufunikwa blanketi, alisimama na kusema kwamba anataka kukojoa. Muchungaji alishika fimbo yake na mikono miwili, akageukia ukuta, na mabega yakaanza kutikisika.