Baba Alipokuwa Mwalimu wa Bendi

Ni siku ya mahafali. Bendi ya shule inaanza kupiga na wenzako wanashangilia. Wewe unatazama pale mbele alipokuwa akisimama baba. Tarumbeta ni zile zile, wimbo ni ule ule, ila anayeongoza ni mtu mwingine. Koo linakukaba. Rafiki anauliza, "Vipi, uko poa?" Unazuga: "Poa tu."

Je, hali kama hii imewahi kukupata? Kufiwa na mzazi ni kugumu kwa kila mtu. Mzazi akiwa alikuwa mwalimu pia, kila kona ya shule inamkumbusha. Hebu tuone majonzi yanavyofanya kazi, tukianza na mji mmoja wa Marekani ambako watu huomboleza kwa bendi.

MZEE MARSALIS WA NEW ORLEANS

Ellis Marsalis alizaliwa New Orleans mwaka 1934. Alikuwa mpiga piano hodari, lakini wengi wanamkumbuka kama mwalimu. Miaka ya 1960 aliongoza bendi na kwaya ya sekondari katika mji mdogo wa Breaux Bridge. Kuanzia 1974 alifundisha jazi kwa vijana wa sekondari katika shule ya sanaa ya New Orleans. Alikuwa na watoto sita wa kiume, na mmoja wao alimpa jina tunalolijua vizuri huku kwetu: Mboya. Wanne wakawa wanamuziki: Branford wa saksafoni, Wynton wa tarumbeta, Delfeayo wa tromboni na Jason wa ngoma.

Mzee huyu alifariki tarehe 1 Aprili 2020, akiwa na miaka 85, baada ya kuugua UVIKO-19. Siku zile mikusanyiko ilikatazwa ili kuzuia maambukizi. Mji unaowazika wanamuziki wake kwa bendi haukuweza kumsindikiza kwa bendi mwalimu wa bendi.

POLEPOLE KWANZA

Kwa kawaida, mazishi hayo huwa hivi. Kwenda makaburini, bendi hupiga nyimbo za dini polepole na watu hutembea kwa hatua fupi. Zamani mpiga ngoma aliweka leso kwenye ngoma ndogo ili sauti yake ififie. Baada ya kuzika leso hutolewa, mdundo hubadilika, na watu hufungua miavuli wakacheza njia nzima.

Angalia mpangilio huo. Hakuna anayeambiwa achangamke kabla ya kuzika, wala hakuna anayelaumiwa akicheza baadaye. Wengi wetu tunaruka ile sehemu ya polepole. Tunaambiwa "jikaze, wewe mwanaume" au "usilie, utamliza mama". Tunajikaza, lakini majonzi hayaishi kwa kufichwa.

MAJONZI YANAFANYAJE?

Majonzi si ugonjwa. Ni hali ya kawaida ya mtu aliyepoteza ampendaye. Unaweza kuumwa kichwa au tumbo, kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, au kusoma ukurasa mmoja mara tano bila kuelewa. Unaweza pia usihisi chochote kwa muda. Halafu siku moja unasikia tarumbeta, na machozi yanakuja yenyewe.

Kuna jambo moja ambalo wengi huona aibu kulisema: hasira. Mwalimu wa bendi anayejituma hubaki shuleni hadi jioni na watoto wa wenzake, na Jumamosi yuko kwenye mazoezi. Huenda ulimwonea wivu kila aliyeshika tarumbeta. Sasa kwenye msiba kila mtu anamsifu, na wewe unajiona mtoto mbaya. La hasha! Unaweza kumpenda mzazi na kumkasirikia pia. Kumkumbuka vizuri ni kumkumbuka mzima, na mapungufu yake.

UFANYE NINI?

- Mtaje. Waulize wanafunzi wake aliwafundishaje. Wana hadithi ambazo hukuzisikia nyumbani.
- Tunza kitu chake kimoja: filimbi, daftari la nyimbo, picha.
- Andika barua ya yale ambayo hukuwahi kumwambia, hata yale ya hasira.
- Kula, lala, cheza. Ukicheka hujamsahau.
- Epuka pombe na bangi. Vinasogeza maumivu mbele tu.

Kama wiki zinapita huli, hulali au huwezi kabisa kufuatilia masomo, mwone mwalimu wa ushauri au mhudumu wa afya. Ukipata mawazo ya kutaka kufa, mwambie mtu mzima unayemwamini leo hii, usingoje kesho. Tanzania na Kenya unaweza pia kupiga simu 116 bure.

Na wewe rafiki wa mfiwa? Usiseme "yatapita". Sema "pole", kaa naye, kisha muulize, "Mzee alikuwaje?" Halafu sikiliza.

Huko New Orleans kuna kituo cha muziki chenye jina la Ellis Marsalis, kilichofunguliwa mwaka 2011 ili kufundisha watoto wa mtaa ulioharibiwa na kimbunga cha 2005. Wewe huna haja ya kujenga kituo. Kama baba alikufundisha noti tatu, mfundishe mdogo wako hizo tatu. Na kama hukuwahi kugusa tarumbeta, simulia habari zake.