Binti aliyechoka kutafuta kazi anahesabiwa wapi?

Mjukuu wangu ana shahada, anakaa Al Khoudh na wazee wake. Mwaka mzima ameomba kazi hapa Maskati. Juzi akaniambia, "Bibi, nimechoka, siombi tena." Basi kwa hesabu za wataalamu, tangu hapo si mtu asiye na ajira!

Sifanyi mzaha. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, asiye na ajira ni yule ambaye hana kazi, yuko tayari kuifanya, na anaitafuta. Akiacha kutafuta, anawekwa nje ya soko la kazi, pamoja na wanafunzi na wastaafu kama mimi.

Haya, tufanye hesabu ya darasani. Mabinti kumi: wanne wana kazi, wawili wanatafuta, wanne wako nyumbani. Wasio na ajira ni wawili katika sita, yaani asilimia 33. Wale wawili wakikata tamaa, inashuka mpaka sifuri. Na hakuna hata mmoja aliyepata kazi!

Kwa hiyo zikitoka takwimu za Kituo cha Taifa, usiishie kwenye ukosefu wa ajira. Tazama katika kila mabinti mia, wangapi wanafanya kazi. Kwetu sisi ni wanne katika kumi, kabla na baada. Namba hiyo haibadiliki kwa mtu kukata tamaa.

Na nyumbani, tusiwaambie, "Kaa tu, mume atakuja." Jumamosi nilikaa na mjukuu wangu, tukaandika barua nyingine ya maombi. Sasa amerudi kwenye hesabu.