Fahamu: Ndege ya vita iliyozama hutambuliwaje?

Rangi na namba za mkiani huliwa na chumvi mapema. Kinachodumu ni namba zilizogongwa kwenye injini na bunduki za rashasha. Kuanzia 1943, jeshi la Marekani liliziandika katika ripoti ya kila ndege iliyopotea, pamoja na majina ya wanahewa. Mtafiti hulinganisha namba za ndege iliyozama na zile za ripoti, na kulinganisha kunataka subira kubwa.

Kwa mfano, Tulsamerican, ndege ya mabomu aina ya B-24, iliangukia baharini karibu na kisiwa cha Vis, Kroatia, tarehe 17 Desemba 1944. Watu 7 kati ya 10 walinusurika. Wapiga mbizi waliiona mwaka 2010. Uchimbaji wa 2017 ulitoa mabaki ya rubani Eugene Ford, hatimaye familia yake ikamzika. Kwangu, hiyo pekee inatosha kuhalalisha utafiti wote.