Ukibadilisha injini, usisahau breki: Jinsi vipuri vya gari la kujiundia vinavyotengenezwa

GARI dogo likitiwa injini yenye nguvu maradufu, jambo la kwanza linalomfurahisha mwenyewe ni jinsi linavyochomoka. Jambo linalomtia kiwewe, aghalabu wakati maji yamekwisha kuzidi unga, ni jinsi linavyokataa kusimama.

Kung'oa injini ya gari moja na kuitia katika jingine si jambo geni katika gereji za Nairobi, Nakuru au Mombasa. Nchini Uingereza na Marekani, huo ni uraibu wa miaka mingi wa watu wanaojiundia magari ya spoti nyumbani mwao. Popote kazi hiyo inapofanywa, kuna swali moja ambalo sharti lijibiwe kabla ya ufunguo kuzungushwa: je, breki zilizopo zinaweza kuidhibiti nguvu hiyo mpya?

Mara nyingi jibu ni la. Breki za kiwandani hupimwa kulingana na uzito na kasi ya gari zilikotoka. Injini ikibadilika, vipimo hivyo hupitwa na wakati, na fundi hulazimika kuunda vipuri ambavyo haviuzwi dukani.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la fizikia. Nishati ya gari linalokwenda huongezeka kwa mraba wa kasi yake. Gari lenye uzito wa kilo 1,000 linapokwenda kilomita 80 kwa saa huwa limebeba takriban kilojuli 247. Likifikisha kilomita 160 kwa saa, kasi imeongezeka mara mbili, lakini nishati imeongezeka mara nne na kufikia takriban kilojuli 988.

Dereva anapokanyaga pedali kwa nguvu, karibu nishati yote hiyo huishia kwenye breki, nazo huigeuza kuwa joto. Tuseme diski mbili za mbele zina uzito wa jumla wa kilo 10 na zinafanya asilimia 70 ya kazi. Kusimama mara moja tu kutoka kasi hiyo kutazipandisha joto kwa takriban nyuzi 150. Dereva akirudia mara tatu au nne bila kuzipa nafasi ya kupoa, breki huanza kulegea. Walioteremka Mai Mahiu au Salgaa nyuma ya lori lililosheheni wanaijua harufu yake.

Funzo kutoka kwa waliotangulia

Mwaka wa 1957, mhandisi Mwingereza Colin Chapman alianza kuuza gari lililoitwa Lotus Seven. Wateja wengi walilinunua likiwa vipande vipande na kujiungia wenyewe, kwa sababu kufanya hivyo kuliwaepusha na kodi iliyotozwa magari yaliyokamilika. Mwaka wa 1973, kampuni ya Caterham ilichukua haki za kuliunda.

Mnamo 1996, Ron Champion alichapisha kitabu kilichowaelekeza wasomaji jinsi ya kujiundia gari la mtindo huo kwa gharama ndogo, kwa kuchomelea fremu ya mabomba ya pembe nne na kutumia vipuri vya gari kuukuu la Ford Escort. Tangu hapo, wengi wameiondoa injini ya Escort na kutia kubwa zaidi, au hata ya pikipiki.

Mfano maarufu zaidi wa kubadilisha injini ni wa Mmarekani Carroll Shelby. Mwaka wa 1962 alichukua gari la Kiingereza la AC Ace, lililokuwa likitumia injini ya silinda sita, akalitia injini ya Ford ya silinda nane yenye ukubwa wa lita 4.2. Ndivyo lilivyozaliwa gari la Cobra. Hata hivyo, haikuwa injini pekee iliyobadilika. Fremu iliimarishwa, na breki za dramu zilizokuwa nyuma zikaondolewa ili magurudumu yote manne yapate diski.

Ni vya kuunda au vya kununua?

Gari la kujiundia huwa mkusanyiko wa vitu vya asili mbalimbali. Habu zaweza kuwa za gari moja, kalipa (kile kipande chenye pistoni kinachoibana diski) za gari la pili, na rimu za la tatu. Matundu ya bolti hayalingani, na hapo ndipo haja ya kipuri maalumu hutokea.

Fundi mwenye busara hufuata kanuni moja: huunda vile vinavyoshikilia, na hununua vile vinavyobana, vinavyosugua na vinavyobeba presha. Kwa maana hiyo, kishikizi kinachoifunga kalipa kwenye nguzo ya gurudumu chaweza kuundwa gerejini. Kofia inayoiunganisha diski na habu yaweza kuchongwa kwa mashine. Lakini kalipa yenyewe, diski, padi, masta silinda na paipu za mpira sharti ziwe za kiwanda kinachotambulika.

Kazi huanza kwa kadibodi na kipande cha mbao, wala si kwa chuma. Kalipa hushikizwa mahali pake juu ya diski, rimu hufungwa, kisha gurudumu huzungushwa kwa mkono kuhakikisha kwamba hakuna kinachogusana. Ni katika hatua hii ambapo wengi hugundua kwamba diski kubwa waliyonunua haiwezi kutoshea ndani ya rimu ya inchi 13. Afadhali kuligundua hilo wakati kilichopotea ni kadibodi tu.

Kishikizi hakitakiwi kuchukuliwa kwa wepesi. Katika gari lililotajwa hapo awali, likisimamishwa kwa nguvu, kila gurudumu la mbele hushikwa na barabara kwa nguvu ya takriban nyutoni 3,100. Kwa kuwa kalipa iko karibu na kitovu kuliko ukingo wa tairi, nguvu inayoivuta ni kubwa zaidi. Ikiwa tairi lina nusu kipenyo cha milimita 290 na padi zinaibana diski milimita 110 kutoka katikati, kishikizi kimoja hubeba zaidi ya nyutoni 8,000. Huo ni mzigo wa zaidi ya kilo 800, sawa na sehemu kubwa ya uzito wa gari lenyewe ukining'inia kwenye bolti mbili.

Ndiyo maana bamba la chuma lenye unene wa milimita 10 au 12 hutumiwa, au alumini ngumu ya viwandani yenye unene mkubwa zaidi. Alumini iliyoyeyushwa kutokana na sufuria kuukuu na vyuma chakavu haifai kabisa, kwani hakuna ajuaye nguvu yake. Matundu hutobolewa kwa drili ya kusimama, si kwa moto wa gesi. Pembe za ndani huviringishwa kwa tupa, maadamu ufa hupenda kuanzia penye kona kali.

Bolti nazo huchaguliwa kwa makini. Alama ya 8.8 au 10.9 kichwani huonyesha kiwango cha nguvu yake. Sehemu laini ya bolti, wala si yenye nyuzi, ndiyo inayofaa kupita pale vipande viwili vinapokutana. Aidha, kuchomelea kalipa au nguzo ya chuma cha kusubu ni mwiko. Joto la kuchomelea hudhoofisha metali kwa namna ambayo macho hayawezi kuiona.

Kishikizi kikisha kufungwa, diski sharti ipite katikati ya kalipa bila kuegemea upande. Kipimo cha saa huwekwa kwenye uso wa diski, nayo ikazungushwa polepole. Ikiyumba kwa zaidi ya milimita 0.1, fundi hana budi kutafuta kasoro: pengine ni kutu kwenye habu, au kofia haikuchongwa sawasawa. Diski inayoyumba huzisukuma padi nyuma, na dereva hukanyaga pedali akakuta pengo pale alipotarajia breki.

Mguu, masta silinda na presha

Injini mpya huleta tatizo jingine ambalo wengi hawalitarajii. Busta, kile kibuyu cheusi kinachouongezea mguu nguvu, hutegemea mvuto wa hewa kutoka kwa injini. Injini zilizoongezwa makali mara nyingi huwa na mvuto hafifu. Isitoshe, injini kubwa yaweza kuhitaji nafasi ile ile ambapo busta imekaa. Waundaji wengi wa magari mepesi huiondoa kabisa na kutumia masta silinda mbili, moja ya magurudumu ya mbele na nyingine ya nyuma.

Hapo ndipo hesabu ya pili huingia. Tuseme mguu unasukuma kwa nyutoni 300, na pedali inaizidisha nguvu hiyo mara tano kuwa 1,500. Masta silinda yenye kipenyo cha milimita 19 itatoa presha ya takriban baa 53. Fundi akiweka ya milimita 22 akidhani kwamba kubwa ndiyo bora, presha itashuka hadi takriban baa 39. Pedali itakuwa ngumu kama jiwe, lakini gari litachelewa kusimama. Kwa upande mwingine, masta silinda ndogo mno haitasukuma mafuta ya kutosha kuzijaza pistoni kubwa za kalipa, na pedali itagonga sakafu.

Mgawanyo wa nguvu baina ya mbele na nyuma una uzito uo huo. Gari linapofunga breki, uzito huhamia mbele na magurudumu ya nyuma huwa mepesi. Breki za nyuma zikiwa kali kupita kiasi, magurudumu hayo hujifunga kwanza na gari hugeuka likatazama lilikotoka. Kwa sababu hiyo, magurudumu ya mbele ndiyo yanayopaswa kujifunga kwanza. Fundi anayeweka kalipa kubwa nyuma kwa ajili ya urembo huwa ametega mtego wake mwenyewe.

Paipu za chuma zinazopitisha mafuta huundwa kwa kifaa maalumu kinachokunja ncha zake ili zisivuje. Hazichomelewi, wala haziungwi kwa viungo vya mabomba ya maji. Hupitishwa mbali na ekzosi na tabo, na kushikizwa kwenye fremu ili zisitikisike zikachoka. Paipu ya mpira hupimwa usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho pande zote mbili, na springi ikiwa imeshuka na kupanda.

Mafuta ya breki pia si kitu cha kuchagua kwa kubahatisha. Ya daraja la DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 yakiwa mapya, na ya DOT 4 chini ya nyuzi 230. Lakini hunyonya unyevu kutoka hewani, na viwango hivyo hushuka hadi nyuzi 140 na 155 mtawalia. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Mguu hushuka, gari likaendelea na safari.

Majaribio kabla ya barabara

Kazi ikikamilika, hewa huondolewa ndani ya paipu, kisha pedali hukanyagwa kwa nguvu zote na kushikiliwa kwa dakika nzima huku mtu wa pili akikagua kila kiungo kwa tochi. Pedali ikishuka polepole, kuna mahali panapovuja.

Jaribio la kwanza hufanyiwa kwenye uwanja mtupu, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Baadaye kasi huongezwa hadi kilomita 30, kisha 50, kisha 80 kwa saa, padi zikizoeana na diski taratibu. Baada ya hapo magurudumu hufunguliwa tena, bolti zikakaguliwa, na kishikizi kikatazamwa kama kimeanza kupasuka au kupinda.

Uingereza haimwachii mwenye gari jukumu hilo peke yake. Magari ya kujiundia yalianza kupitia ukaguzi maalumu mwaka wa 1998, na mwaka wa 2009 ukaguzi huo ukabadilishwa na mwingine uitwao IVA. Breki ni miongoni mwa mambo yanayochunguzwa kabla ya gari kusajiliwa kutumika barabarani.

Nchini Kenya, mwenye gari anayebadilisha injini hutakiwa kuiarifu Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani (NTSA) ili rekodi za gari zirekebishwe. Ni vyema pia kampuni ya bima ifahamishwe. Lakini karatasi hizo hueleza nambari ya injini. Hazielezi kama breki zinaimudu.

Hilo hubaki mikononi mwa fundi na mwenye gari. Iwapo fedha hazitoshi kwa vyote viwili, la busara ni kuanza na breki na kuiacha injini isubiri. Gari lenye breki kubwa na injini ndogo litachelewa kufika. Lenye injini kubwa na breki ndogo huenda lisifike, na mara nyingi anayelipia kosa hilo si dereva pekee, bali pia mtu aliyekuwa akivuka barabara.