Picha za Sindano za Edvard Munch

Yawezekanaje karatasi mbili zilizopigwa chapa kwa bamba moja, zenye picha ile ile, moja iuzwe kwa fedha nyingi na ya pili kwa kidogo? Leo twataka kulijibu swali hilo kwa habari za Edvard Munch, mchoraji wa Norwei, aliyezaliwa mwaka 1863 akafa mwaka 1944.

Munch aliianza kazi hii mjini Berlin mwaka 1894. Alitwaa bamba la shaba nyekundu, akalichora kwa sindano kali peke yake, bila maji makali yalayo shaba. Basi kumbukeni jembe la kukokotwa na ng'ombe: hufanya mfuo, na udongo hulala kandokando. Sindano nayo huinua shaba kidogo kando ya mfuo wake. Wino ukipakwa, hujaa mfuoni, tena hunaswa na ule ukingo. Na karatasi iliyoloweshwa ikigandamizwa juu yake kwa mtambo, mstari hutoka mweusi, mwororo kama mahameli.

Lakini ukingo ule ni dhaifu. Kila karatasi ipitayo mtamboni huulaza kidogo, hata baada ya makumi machache mahameli yamekwisha, umebaki mstari mkavu. Wapiga chapa walikuwa na hila ya kulivika bamba utando mwembamba wa chuma kwa nguvu ya umeme, lipate kudumu. Wino, hata hivyo, haushiki vizuri kama mwanzo. Kwa hiyo wakusanyaji huzitafuta zile za kwanza.

Katika picha hizo imo ya mtoto mgonjwa, iliyochorwa mwaka 1894. Msichana ameegemea mto, na karibu naye ameketi mwanamke aliyeinamisha kichwa. Munch alikuwa akimkumbuka dada yake Sophie, aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1877. Mama yao alikwisha kufa kwa ugonjwa huo huo mwaka 1868. Ukingo ukilala, weusi unaouzunguka uso ule hupungua, na kwa maoni yetu sehemu ya huzuni hupungua nao.

Mwaka 1895 Julius Meier-Graefe alitoa mkoba wa picha nane za Munch, na hii ni mojawapo. Ilipigwa mikoba 65 tu, na 10 katika hiyo ni ya karatasi ya Kijapani. Ndiyo maana ni adimu.

Anayetaka kununua aweza kuanza na orodha ya Gustav Schiefler, hakimu wa Hamburg, aliyezipanga picha hizo kwa namba katika kitabu chake cha mwaka 1907. Kisha huiinua karatasi mwangani, akatwaa kioo cha kukuza, akautazama mstari mmoja mmoja: je, weusi umeenea kandokando, au umekatika mwembamba kama unywele?