Machapisho ya Jacques Donnez na uzazi baada ya saratani

Orodha ya machapisho ya mtafiti wa tiba mara nyingi husomwa kwa kuhesabu makala alizoandika na mara ambazo wengine wamezinukuu. Hesabu hiyo huonyesha bidii, lakini haionyeshi ni jambo gani hasa lililothibitishwa, wala ni mgonjwa yupi litamfaa na yupi litamdhuru. Machapisho ya Jacques Donnez, daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na profesa mstaafu wa Chuo Kikuu Katoliki cha Louvain mjini Brussels, Ubelgiji, yanastahili kusomwa kwa makini zaidi, kwa kuwa ndani yake imo makala iliyotangaza mafanikio makubwa, na imo nyingine, isiyojulikana sana nje ya taaluma, iliyoyawekea mafanikio hayo mpaka.

Mtoto wa kike huzaliwa na akiba yake yote ya mayai, takriban milioni 1 hadi 2, na kila yai limo ndani ya kijifuko kiitwacho folikuli, ambacho hukaa katika tabaka jembamba la nje la ovari. Baadhi ya dawa za tibakemikali, siklofosfamaidi ikiwa mojawapo, haziui seli za saratani pekee bali huteketeza pia folikuli hizo, na kwa kuwa akiba haijazwi upya, mwanamke anaweza kupona akiwa bado kijana na kukuta hedhi imekoma. Kugandisha mayai yaliyokomaa kunahitaji sindano za homoni kwa takriban wiki mbili, muda ambao mgonjwa mahututi huenda hana, na kwa msichana ambaye hajabalehe njia hiyo haifai. Hapo ndipo lilipozuka wazo la kukata vipande vya tabaka la nje la ovari kabla ya matibabu, kuvihifadhi katika nitrojeni ya majimaji kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, kisha kuvirudisha mwilini mgonjwa akishapona, kama mtafiti Roger Gosden na wenzake walivyofanya kwa kondoo katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994.

Makala ya Donnez na wenzake iliyotoka katika jarida la The Lancet mwaka 2004 ilieleza kisa cha mwanamke mmoja aliyekuwa na limfoma ya Hodgkin, yaani saratani ya tezi za limfu, ambaye vipande vyake viligandishwa mwaka 1997 na kupandikizwa tena mwaka 2003. Siku chache kabla ya upandikizaji, madaktari walifungua nafasi ndogo katika utando wa tumbo karibu na ovari ili mishipa midogo ya damu ianze kuota mahali ambapo vipande vingekaa, kwani tishu iliyogandishwa na kuyeyushwa hurudi bila mishipa inayopitisha damu, na folikuli nyingi hufa katika siku za mwanzo kwa kukosa oksijeni. Baada ya miezi 5 hedhi ilirejea, baada ya miezi 11 ujauzito ulithibitika, na mtoto wa kike akazaliwa akiwa hai.

Baadhi ya watafiti walitilia shaka kwamba ujauzito huo ulitokana na vipande vilivyopandikizwa, na shaka yao ilikuwa na msingi: mgonjwa hakuwa ameondolewa ovari zote mbili, hivyo yai lingeweza kutoka katika ovari ya asili iliyozinduka. Jibu lilikuwemo ndani ya makala yenyewe, kwamba kamera iliyoingizwa tumboni katika mwezi wa 5 baada ya upandikizaji ilionyesha folikuli ikikua mahali pa upandikizaji, nje ya ovari ambazo zilionekana zimesinyaa. Huo ulikuwa ushahidi mzito, ingawa kisa kimoja, hata kikielezwa kwa uangalifu wote, huonyesha tu kwamba jambo linawezekana.

Mwaka 2017 Donnez na mtafiti mwenzake Marie-Madeleine Dolmans waliandika mapitio katika The New England Journal of Medicine wakieleza kwamba watoto waliozaliwa kwa njia hii duniani walikuwa wamezidi 130. Takwimu hiyo inatia moyo, lakini jumla ya waliozaliwa haimwambii mgonjwa uwezekano wake mwenyewe, kwani anayetaka kuujua anahitaji pia idadi ya wanawake waliopandikizwa bila kupata mtoto.

Makala yenye thamani kubwa zaidi katika orodha hii huenda ni ile ya mwaka 2010 katika jarida la Blood, ambayo mwandishi wake wa kwanza ni Dolmans na wa mwisho ni Donnez, mpangilio ambao katika utafiti wa tiba kwa kawaida humweka mbele aliyebeba kazi kubwa na nyuma aliyeisimamia. Tishu za ovari kutoka kwa wagonjwa wa saratani ya damu, yaani leukemia, zilipandikizwa kwa panya wasio na kinga ya mwili, na baadhi ya panya waliopewa tishu za wagonjwa wa leukemia kali ya limfosaiti wakaota uvimbe wa leukemia. Maana yake ni kwamba kipande kilichohifadhiwa ili kumpa mgonjwa mtoto kingeweza kumrudishia ugonjwa aliokwisha kupona, na timu iliyokuwa imeipa njia hii sifa ulimwenguni ndiyo iliyolichapisha hilo. Kwa wagonjwa hao, watafiti wa Louvain waligeukia kutenganisha folikuli na tishu inayozizunguka, kuziosha, na kuziweka ndani ya fibrini, protini inayogandisha damu, ili kuunda ovari bandia, kazi ambayo wameijaribu kwa panya.